Bushi za gari zinapolia: kutafuta chanzo na kurekebisha nyumbani bila kumwagia oili

Mkazi wa Lanet (mwanzisha uzi)

Salaam kwenu nyote. Uzi huu ni kwa ajili ya wenye magari madogo ya mtumba, yaani Fielder, Axio, Vitz, Demio, Note na wenzake, ambayo baada ya muda huanza kulia upande wa mbele kila yanapopanda tuta au kuingia shimoni. Hapa Nakuru dawa ya kwanza utakayoambiwa ni kumwagia oili chafu, na ya pili ni kubadilisha kila kitu kilicho chini ya gari kwa mkupuo mmoja. Ya kwanza huharibu mpira, na ya pili humaliza pesa kabla chanzo hakijajulikana. Kati ya hizo mbili ipo kazi ambayo mwenye gari aliye mtulivu anaweza kuifanya uani kwake, na nia yangu ni kuieleza kikamilifu, hasa hatua moja inayorukwa mara nyingi mno: kukaza bolti za bushi gari likiwa limebeba uzito wake.

Tuanze na bushi yenyewe. Bushi nyingi za mkono wa chini, yaani chuma kinachoshikilia gurudumu kwa chini, ni mabomba mawili mafupi ya chuma, moja ndani ya jingine, na katikati yake pana mpira ulioshikamanishwa na chuma kiwandani. Bomba la ndani hubanwa na bolti hadi likawa kitu kimoja na sabufremu (fremu ya chuma iliyo chini ya gari), na la nje limekazwa ndani ya mkono. Gurudumu linapopanda na kushuka hakuna kinachoteleza. Mpira wenyewe hujisokota kisha ukarudi, kama kitambaa kinachokamuliwa na kuachiwa. Kwa hiyo bushi ya aina hii haikuundwa ilainishwe na kitu chochote. Ikilia, basi ama mpira umeachana na chuma, ama umepasuka na pande mbili za ufa zinasuguana, ama bolti imelegea na bomba la ndani linazunguka mahali lisipopaswa kuzunguka. Grisi haiponyi hata kimoja kati ya hivyo.

Bushi za stabilaiza, ile nondo inayopunguza kulala kwa gari kwenye kona, ni jambo tofauti. Hizo ni mpira mtupu uliochanwa upande mmoja, unaovishwa kwenye nondo ya stabilaiza na kubanwa na kibano cha chuma chenye bolti. Vumbi la barabara za maramu hupenya kati ya mpira na nondo, maji ya mvua yakaleta kutu, na hapo kila nondo inapojizungusha kidogo utasikia mlio mwembamba unaokera. Hili ndilo ningelichunguza mwanzo, kwa kuwa vipuri vyake ni vya bei nafuu na katika magari mengi kazi yake ni nyepesi. Yapo magari ambayo bolti za kibano zimejificha juu ya sabufremu, na kwa hayo kazi si nyepesi tena. Angalia kwa tochi kabla ya kununua chochote.

Msidhani pia kwamba gari lililoingia nchini juzi lina mpira mpya. Sheria yetu ya Kenya inaruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na mpira huzeeka kwa miaka na kwa joto hata kama kilomita ni chache.

Kabla ya kushika spana, tenganisheni kulia na kugonga. Gari linalogonga, yaani linalotoa mlio mzito wa chuma kwa chuma, lina kitu kilicholegea: linki ya stabilaiza (kijiti kinachoishikilia nondo hiyo mwishoni), boljointi (kiungo cha mviringo kati ya mkono na gurudumu), shokabsoba au bushi iliyokwisha kabisa. Gari linalolia lina vitu viwili vinavyosuguana vikiwa vikavu. Egesha mahali tambarare, zima injini, kisha mwenzako asukume gari chini kwa mikono miwili juu ya madigadi na kuliachia, mara kwa mara, wewe ukiwa umechuchumaa kando ya gurudumu. Mlio ukisikika gari likiwa limesimama, breki umeshaziondolea lawama. Mlio ukija pale tu unapozungusha usukani, angalia zaidi beringi ya juu ya shokabsoba na boljointi kuliko bushi.

Kupata bushi yenyewe tumia maji. Toboa kifuniko cha chupa, mwagia bushi moja tu, mwenzako asukume tena, usikilize. Mlio ukinyamaza au ukibadilika ghafla, umempata mhusika. Usipobadilika, hamia inayofuata. Usimwagie zote kwa pamoja, maana hutajua ni ipi iliyonyamaza. Wengine huweka ncha ya mpini wa fagio kwenye chuma kilicho karibu na bushi na ncha nyingine karibu na sikio, na njia hiyo hufaa sana penye vyuma vingi vilivyobanana. Uchunguzi huu wote ufanyike ukiwa pembeni ya gari, si chini yake.

Boljointi kavu nayo hulia, na mlio wake hufanana mno na wa bushi. Kifuko chake cha mpira kikiwa kimechanika, au gurudumu likicheza unapolitikisa kwa kulishika juu na chini likiwa limenyanyuliwa, acha habari ya mlio na usiendeshe gari hilo mpaka litengenezwe, kwa sababu boljointi ikichomoka gurudumu hukunjika na gari halishikiki tena.

Kuhusu kunyanyua gari sitakuwa na maneno laini. Hakuna mtu anayeingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota spana iliyoanguka. Weka stendi mbili zenye uwezo unaozidi uzito wa gari lako, zuia magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mbao mbele na nyuma, na uvute breki ya mkono. Mawe ya ujenzi hayafai, kwa sababu hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Hapa kwetu udongo ni wa volkano, laini na wenye vumbi, na jeki huzama huku ukidhani inapanda; tandika ubao mnene au bamba la chuma chini ya jeki na chini ya kila stendi. Kabla hujalala chini, sukuma gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika juu ya stendi, lishushe uanze upya.

Sasa bushi za stabilaiza. Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia bolti mafuta ya kulegeza kutu, ukikinga mpira na diski za breki kwa kitambaa. Nyanyua magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Ukinyanyua upande mmoja tu, nondo hubaki imejipinda na kibano kinaweza kuruka ukifungua bolti. Pima unene wa nondo kwa kalipa kabla ya kwenda dukani, kwa sababu gari la jina moja huweza kuwa na nondo za unene tofauti, na tofauti ya milimita moja inatosha kuifanya bushi mpya igonge. Angalia upande ambao mchano wa bushi ya zamani unaelekea, na mpya uivishe vivyo hivyo. Sugua nondo kwa brashi ya waya na msasa laini hadi kutu iishe, ifute, kisha uivishe bushi mpya. Kama maelekezo ya gari lako hayakatazi, paka grisi ya silikoni kidogo upande wa ndani. Grisi ya kawaida ya beringi imetokana na mafuta ghafi ya petroli, na mpira wa asili ukikaa nayo huvimba na kulainika.

Sasa mkono wa chini, na hapa naomba msome polepole. Mkono ukishafungwa, bolti zake zinakazwa kwa vidole tu, gari likiwa bado juu. Ukizikaza kabisa wakati gurudumu linaning'inia, bomba la ndani linajifunga katika mkao huo wa kuning'inia. Ukishusha gari, mkono unapanda hadi mkao wake wa kawaida, na mpira unabaki umesokotwa muda wote, hata gari likiwa limelala uani. Ukija kukutana na tuta unasokotwa zaidi ya kiwango ulichoundiwa. Bushi ya namna hiyo huanza kulia mapema na kuchanika mapema, na mwenyewe ataamini aliuziwa bandia. Wakati mwingine kweli huwa bandia. Lakini nimeona bushi za kampuni zilizochanika upande uleule kwa namna ileile, na chanzo ni mkazo huo.

Dawa yake haihitaji shimo la gereji. Kabla ya kunyanyua gari, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake, uandike kipimo hicho. Baada ya kufunga mkono mpya, weka jeki ya pili chini ya mkono karibu na boljointi, unyanyue taratibu hadi kipimo kirudi palepale, stendi zikiwa bado mahali pake. Hapo ndipo bolti za bushi zinapokazwa, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha ukarabati wa gari lako. Usikisie, na usichukue kiwango cha gari jingine.


Dereva wa Kano

Ahsante sana ndugu yangu wa Lanet. Mimi husafiri mara kwa mara kati ya Kisumu na Nakuru kupitia Kericho, na gari langu lina tabia ya ajabu: nikiwa huku kwetu kwenye joto hunyamaza kabisa, lakini nikifika Mau Summit alfajiri linalia kila tuta. Fundi wangu alilinyunyizia oili iliyotolewa kwenye injini na kweli likanyamaza, ila sasa limerudia kwa sauti kubwa zaidi. Je, hiyo bado ni bushi, au nitafute kitu kingine?


Mkazi wa Lanet

Ndugu, maelezo yako yananielekeza kwenye mpira. Kisumu iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Molo na Mau Summit ziko karibu na mita 2,500, kwa hiyo baridi ya alfajiri huko ni kali. Mpira uliozeeka hukakamaa kwenye baridi, na uliokakamaa hauwezi kufuata mwendo wa chuma. Badala ya kujipinda, unateleza na kukwama, unateleza na kukwama, na kule kukwama ndiko unakokusikia. Fanya jaribio la maji asubuhi gari likiwa limelala nje usiku kucha, si mchana.

Kuhusu oili: ilinyamazisha kwa sababu iliweka utelezi kwa muda. Kisha ikanata vumbi, na vumbi lililochanganyika na oili ni msasa wa majimaji. Wakati huohuo mpira unavimba na kupoteza ugumu wake. Osha mahali hapo kwa maji ya sabuni na brashi, suuza, acha pakauke, ndipo uchunguze. Ukikuta bushi imekuwa laini kama ubani uliotafunwa, hiyo haina kurudi, ibadilishe. Angalia pia kama injini yenyewe haivuji juu yake, maana ukiweka bushi mpya chini ya oili inayodondoka umejiandalia kazi ileile upya.


Fundi wa Kakamega

Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi na nakubaliana na mwanzisha uzi kuhusu mkazo wa mwisho. Ningependa kuongeza kuhusu kutoa bushi kwenye mkono wa chini, kwa sababu hapo ndipo watu wa nyumbani huumia.

Bushi ya mkono haitolewi kwa nyundo. Ukiigonga, sikio la mkono hupanuka au kupinda, na bushi mpya haitashika. Mwenye gari anaweza kuufungua mkono mwenyewe, akaupeleka kwa fundi mwenye presi (mashine ya kusukumia bushi), akarudi nao nyumbani kuufunga. Hiyo ndiyo njia ninayowashauri watu, na gharama ya presi ni ndogo ukilinganisha na ya mkono mpya. Anayetaka kuimaliza kazi yote uani anaweza kutumia bolti ndefu yenye nguvu, nati, washa nene na vipande viwili vya bomba: kimoja kipana cha kupokea bushi inayotoka, kingine chenye upana sawa na ukingo wa nje wa bushi cha kusukumia. Kazeni taratibu, na paka grisi kwenye nyuzi za bolti hiyo, si kwenye mpira.

Kabla ya kutoa ya zamani, chora alama kwenye mkono. Bushi nyingi za upande wa nyuma wa mkono zina matundu ndani ya mpira ambayo lazima yaelekee upande maalumu, kwa kuwa mpira umeachwa laini upande mmoja na mgumu upande mwingine kwa makusudi. Ukiizungusha nyuzi 90, gari litavuta ukifunga breki na bushi haitadumu. Pimeni pia imeingia kina gani.

Tafadhali msiuchome mpira kwa moto ili utoke, desturi ambayo bado naiona huku kwetu. Moshi wake ni sumu, na baadhi ya bushi zina majimaji ndani yake ambayo hupasuka yakipata moto. Mwisho, ukifungua boljointi yenye kota pini (pini inayozuia nati isifunguke), weka kota pini mpya. Ile ya zamani ikishakunjwa na kunyooshwa haiaminiki. Na usiuache mzigo wa habu (kitovu cha gurudumu) ukining'inia kwenye paipu ya breki.


Mwalimu wa Bungoma

Nawashukuru wote wawili. Duka moja huku limenishauri ninunue bushi za poliyurethani, zile za rangi nyekundu au njano, kwa maelezo kwamba hazichakai. Barabara ya kwenda nyumbani kwangu ni ya maramu, na mvua zetu mnazijua. Je, hizo zinafaa? Na ile kanuni ya kukaza gari likiwa na uzito wake inazihusu pia?


Mkazi wa Lanet

Mwalimu, swali lako ni zuri kwa sababu hizo zinafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Poliyurethani haijashikamanishwa na bomba la ndani. Bomba huzunguka ndani yake. Kwa hiyo ile kanuni ya mkazo haina uzito uleule, lakini sasa kulainisha kunakuwa lazima. Zinakuja na grisi yake maalumu, aghalabu ya silikoni, na ile grisi ikishaoshwa na maji au kuchanganyika na vumbi huanza kulia kuliko mpira ulivyowahi kulia. Kwa barabara kama yako maana yake ni kufungua, kusafisha na kupaka tena kila zinapokauka, labda ziwe na nipo, yaani kitundu cha kupigia grisi.

Ni kweli zinastahimili oili na hazichaniki upesi, na kwa gari la mashindano au la mizigo ningezifikiria. Kwa gari la kwenda shuleni na sokoni ningebaki na mpira, kwa kuwa mpira humeza mtikiso wa mawe madogo, na poliyurethani huupitisha hadi kwenye bodi na viti. Pia usikubali kuuziwa bushi kuukuu kutoka Japani eti kwa kuwa ni ya kampuni. Injini kuukuu yaweza kuwa nzuri. Mpira kuukuu ni mpira uliozeeka.


Dereva wa Kano

Nimefanya kama ulivyoeleza, mapema kabla jua halijapanda. Bushi za stabilaiza zilinyamaza nilipozimwagia maji, ya kulia ikiwa mbaya zaidi. Nimezisafisha, na za kuvisha mpya nimeshanunua baada ya kupima nondo. Swali langu la mwisho: je, baada ya hapo ni lazima nipeleke gari kwenye alainimenti, yaani kupimwa pembe za magurudumu? Na uwanja wangu ni ule udongo mweusi wa Kano, nifanyeje?


Mkazi wa Lanet

Hongera kwa kuupata mlio mahali pake. Kwa bushi za stabilaiza pekee huhitaji alainimenti, kwa kuwa stabilaiza haipangi pembe za magurudumu. Anayefungua mkono wa chini ndiye anayepaswa kwenda kupima, hata kama usukani unaonekana umenyooka, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

Kuhusu udongo mweusi, usifanye kazi hiyo juu yake ukiwa na unyevu, hata kwa ubao. Udongo ule ukilowa hauna msingi, na stendi moja inaweza kuzama bila nyingine kuzama. Omba nafasi kwa jirani mwenye sakafu ya saruji, au ngoja kiangazi kiukaushe kabisa na bado utandike ubao mpana. Ukimaliza, kaza nati za magurudumu gari likiwa chini, kwa mpangilio wa kuvuka kutoka moja hadi ya upande wa pili. Kwa Toyota nyingi ndogo kiwango ni Nm (nyutoni mita) 103. Zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100, pamoja na bolti za vibano vya stabilaiza. Mlio ukirudi baada ya hapo, hamia kwenye linki na boljointi kwa chupa ileile ya maji, halafu utuandikie hapa umesikia nini na upande upi.